FUNDI UMEME NAYE APEWE GAZETI LAKE

KWA muda mrefu sasa taifa letu limekuwa likiuzungumzia umeme kwa hesabu ya megawati, na lina haki ya kufanya hivyo. Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuingiza umeme katika gridi mwezi Februari mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikipita Pugu na kuvuta nguvu ya volti 25,000 kutoka katika waya uliotandazwa juu ya reli. Wakazi wa Gongo la Mboto wanaishi jirani na njia hiyo, na wana kituo kikubwa cha kupozea umeme mtaani mwao. Hata hivyo leo hatukusudii kusema juu ya megawati. Tunakusudia kusema juu ya waya wa milimita mbili na nusu za mraba, juu ya mtu anayeuchagua, na juu ya nani anayempa mtu huyo habari zake.

Jina la Gongo la Mboto lilivuma nchi nzima mwezi Februari mwaka 2011 kwa msiba wa mabomu. Siku za kawaida ni mahali pa watu wanaojenga. Mwenye kiwanja chake Ulongoni, Majohe au Chanika huja katika maduka ya vifaa vya umeme na karatasi mkononi. Karatasi hiyo hakuiandika yeye. Ameiandika fundi: roli kadhaa za waya wa 2.5, nyingine za 1.5, meni swichi, soketi, swichi, mabomba ya plastiki na waya wa ethi. Mwenye nyumba kazi yake ni kutoa fedha. Akiulizwa kwa nini amechukua waya wa chapa hii akaiacha ile, atajibu kwamba fundi ndiye aliyesema. Fundi naye akiulizwa, mara nyingi atajibu kwamba muuza duka ndiye aliyemhakikishia. Na muuza duka, akiwa mtu mkweli, atakiri kwamba chapa ile ndiyo inayomwachia faida nono zaidi, na kwamba humo ndimo anamopata cha juu cha kumpa fundi.

Hivyo ndivyo nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zinavyopata mishipa yake ya umeme. Mhandisi mwenye shahada hakuhusishwa. Aliyeamua ni fundi, na kwa maelfu ya nyumba huyo ndiye mnunuzi mkuu wa vifaa vya umeme katika nchi hii, ingawa fedha si zake na mara nyingi hajijui kwamba ana uwezo huo.

Katika nchi zilizotangulia kwa viwanda, jambo hili lilifahamika zamani sana. London iliona toleo la kwanza la jarida la The Electrician mwaka 1861, wakati ambapo kazi kubwa ya umeme ilikuwa ni simu za maandishi zilizopitishwa katika nyaya. Huko Marekani, James McGraw, ambaye hapo awali alikuwa mwalimu wa shule, aliijenga kampuni yake ya uchapishaji juu ya majarida ya reli na ya umeme, likiwamo Electrical World. Baadaye ukazuka utaratibu ambao kwa msomaji wetu utaonekana kama kichekesho: jarida likawa linatolewa bure. Lakini halikutolewa bure kwa kila mtu. Aliyelitaka alijaza kadi akaeleza kazi yake, mahali anapofanyia kazi na ni vifaa gani anavyoviagiza au kuviidhinisha, kisha akatia sahihi. Kadi hizo ndizo zilizokuwa mali ya mwenye jarida. Alikwenda nazo kwa wenye viwanda vya transfoma na kebo akawaambia, hawa hapa watu kadhaa ambao kauli yao ndiyo inayoamua ununuzi. Mkitaka kusema nao, nunueni ukurasa.

Kwa kuwa wenye magazeti nao ni wanadamu, wengine walitaja idadi ya wasomaji ambao hawakuwapo. Ndiyo maana mwaka 1914 Wamarekani walianzisha chombo cha kukagua mzunguko wa magazeti, Audit Bureau of Circulations, na mwaka 1931 wakaanzisha kingine kwa ajili ya hayo majarida ya bure, ili mkaguzi wa nje azihesabu kadi na kuhakikisha kwamba anayeitwa mhandisi wa mitambo ni mhandisi kweli. Waingereza nao walianzisha chombo chao cha ukaguzi mwaka huo huo wa 1931. Hatusemi kwamba kila kilichomo katika majarida ya namna hiyo ni uongofu. Yamo mengine ambayo msomaji hawezi kupambanua habari na tangazo, na tutalirudia jambo hilo. Tunachosema ni kwamba mwenye kuchagua waya alitambuliwa, akaandikwa jina na akapelekewa maarifa mpaka mlangoni kwake.

Kwetu sisi mambo yalikwenda njia nyingine, na historia yake inaeleweka. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 biashara ya vifaa hivi ilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma. Bidhaa zilikuwa chache, chapa zilikuwa chache zaidi, na aliyepata kibali cha kununua roli moja ya waya hakuwa na la kuchagua, alishukuru akaondoka. Fundi wa siku zile hakuhitaji jarida la kumsaidia kulinganisha, maana hapakuwa na vya kulinganishwa. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, milango ikafunguka Bara na Visiwani, na tangu hapo soko limejaa. Leo katika duka moja la Gongo la Mboto mtu anaweza kuoneshwa chapa kadhaa za waya ambao kwa macho ni ule ule: rangi ile ile, maandishi yale yale, bei mbalimbali. Bidhaa ziliruhusiwa kuingia. Maarifa ya kuzipima hayakuagizwa pamoja nazo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba nchi hii ilijua kulitenda hili kwa mkulima. Wizara ya Kilimo ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Ukulima wa Kisasa, lililomweleza mkulima habari za mbegu, mbolea na dawa kwa lugha anayoisema nyumbani kwake. Katika miaka ya 1970, kanda ya Ziwa ilipata gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wananchi waliokuwa wamehitimu kisomo cha watu wazima. Serikali ilielewa wakati ule kwamba anayeamua juu ya shamba ni mkulima mwenyewe, kwa hiyo ni yeye anayestahili kuandikiwa. Sasa idadi ya nyumba zenye umeme imeongezeka mara nyingi kuliko ilivyokuwa wakati huo. Nani anamwandikia fundi anayezifunga nyaya?

Sisi hatujaliona katika meza za wauza magazeti jarida la Kiswahili la mafundi umeme linalotoka kwa mfululizo. Vitabu vya vyuo vya ufundi vipo, navyo vingi ni vya Kiingereza. Viwango vya ubora vinavyosimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na huuzwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na jarida la wahandisi lililopewa jina zuri sana, Uhandisi. Lakini ukilifungua, baada ya jina hilo la kwenye jalada, yaliyofuata yalikuwa Kiingereza. Hatuwalaumu wasomi kwa kuandikiana wao kwa wao na kuwaandikia wenzao wa nje. Tunasema tu kwamba fundi wa Majohe hakuwa miongoni mwa waliokusudiwa.

Badala ya jarida, fundi amepewa matangazo matupu. Amepewa fulana yenye jina la kampuni, kofia, kalenda ya ukutani, na kuta za maduka zilizopakwa rangi ya chapa kutoka chini mpaka juu. Siku hizi kuna pia picha na sauti zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp, ambamo kila anayeuza ni bingwa. Fulana haisemi waya una shaba kiasi gani. Kalenda haisemi kama plastiki yake hustahimili joto.

Tutoe mfano mmoja, kwa kuwa hapa ndipo yalipo maisha ya watu. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwa kiwango cha kimataifa, unatakiwa uwe na ukinzani usiozidi omu 7.41 kwa kila kilomita katika nyuzijoto 20. Wa milimita 1.5 unaruhusiwa mpaka omu 12.1. Chukulia soketi iliyo umbali wa mita 20 kutoka meni swichi. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40 za waya. Mwenye nyumba akichomeka vyombo vinavyovuta ampea 16, waya halali wa 2.5 utapoteza joto la wati 76 hivi ukutani. Kama waya huo umeandikwa 2.5 lakini ndani yake mna shaba ya 1.5 tu, joto litapanda hadi wati 124, na meni swichi haitakata, kwa sababu inachopima ni mkondo, na mkondo haujazidi. Yakiwamo ndani madini mengine yaliyopakwa shaba kwa juu, hali ni mbaya zaidi, maana alumini ina ukinzani unaozidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu. Joto hilo halionekani siku ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Linaikausha plastiki taratibu ndani ya bomba, juu ya dari, mpaka siku watoto wamelala.

Kuna na punje nyingine, ndogo kwa hatari lakini kubwa kwa mfuko. Roli inauzwa kwa jina la mia moja, na mnunuzi huamini ni mita. Mara nyingine ni yadi, na yadi 100 ni mita 91 tu. Waliopita chuoni wanajua kwamba Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Hao walikuwa wakipunja kwa kibaba na mizani. Huyu wa leo anapunja kwa kipimo ambacho mnunuzi hawezi kukiona kwa jicho, na ndiyo maana inampasa asaidiwe na mwenye chombo cha kupimia.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba haya ni mambo ya Bara peke yake. Tangu mwaka 1980 Unguja imepata umeme kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na wote tunakumbuka jinsi giza lilivyoingia mwezi Mei mwaka 2008 likadumu karibu mwezi mzima, kisha likarudi mwezi Desemba mwaka 2009 na kudumu kiasi cha miezi mitatu. Katika miezi ile majenereta madogo yalinguruma katika mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Wananchi wa kawaida, ambao hawakuwahi kumiliki mtambo wa umeme maishani mwao, walitakiwa wachague kwa siku mbili tatu jenereta la kutosha friji, au taa tu, au pampu ya maji. Walihitaji kuambiwa kwamba pampu ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo. Walihitaji kuambiwa kwamba moshi wa jenereta lililowekwa ukumbini huua bila harufu ya kumwonya mtu, na kwamba jenereta likiunganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia, umeme wake huweza kurudi nje na kumwua fundi wa shirika aliye juu ya nguzo. Mambo hayo muuzaji hakuwa na haja ya kuyasema. Mwaka 2013 Unguja ilipata kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100, na Pemba ilikwisha kuunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Lakini waya unaofungwa nyumbani Mwanakwerekwe au Chake Chake bado unatoka katika masoko yale yale yanayoilisha Gongo la Mboto, na fundi wa huko naye hana pa kusoma.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika, nayo ni kwamba lianzishwe jarida la Kiswahili la fundi umeme, litoke kila mwezi, kurasa 16 zinatosha, nalo lifike kwa fundi bila malipo. Daftari la wasomaji lipo tayari. EWURA kwa upande wa Bara ndiyo inayotoa leseni kwa wanaofunga mifumo ya umeme majumbani, na kila mwenye leseni ana jina na anwani. Kwa upande wa Zanzibar wapo ZURA na Shirika la Umeme, ZECO. Chombo kinachoweza kumtoza mtu ada ya leseni kinaweza pia kumpelekea gazeti.

Tutaulizwa habari za vishoka, yaani wale wanaofunga nyaya bila leseni na kisha kutafuta mwenye muhuri awagongee fomu. Ni kweli kwamba wapo, tena ni wengi, na daftari la leseni haliwataji. Lakini kishoka naye hununua waya dukani. Nakala zikiwekwa dukani na katika ofisi za wilaya za TANESCO, atazisoma. Na pengine ukurasa unaoeleza jinsi ya kuomba leseni na madaraja yake ukamfaa kuliko msako.

Juu ya gharama, wenye viwanda wachangie kwa kununua matangazo. Nchi hii ina viwanda vyake: Tanelec ya Arusha imekuwa ikitengeneza transfoma tangu miaka ya 1980, na nyaya na kebo zinatengenezwa Dar es Salaam, Kigamboni ikiwamo. Hao ndio wanaoumizwa na bidhaa bandia, kwa kuwa ni majina ya chapa zenye sifa yanayoigwa na kubandikwa juu ya takataka. Wakisema na fundi moja kwa moja, watakuwa wanajilinda wenyewe.

Hapa sasa ndipo tunaporudi kwenye lile jambo la tangazo na habari. Jarida linalolishwa na matangazo hushawishika kumfurahisha mlishaji. Tunapendekeza masharti ambayo mhariri asiwe na ruhusa ya kuyalegeza. Tangazo la waya lisipokelewe bila namba ya cheti cha TBS au cha Taasisi ya Viwango Zanzibar, na ndani ya tangazo zichapishwe takwimu za ukinzani, urefu wa roli kwa mita na joto ambalo plastiki hustahimili. Kila mwezi vinunuliwe kimyakimya vifaa vya aina moja kutoka katika maduka ya kawaida, vipimwe maabara, na matokeo yachapwe kwa jina la chapa, awe mwenye chapa hiyo ametangaza humo au hakutangaza. Na idadi ya nakala ikaguliwe na mtu wa nje. Ofisa atakayetuambia kwamba kumtaja mfanyabiashara kwa jina kutaharibu mazingira ya uwekezaji, tunamwomba afikiri kwanza juu ya mwekezaji aliyejenga kiwanda cha waya halali na kushindwa bei na mwizi wa jina lake.

Lugha si kikwazo. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, limechapisha istilahi katika mfululizo wa Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Mafundi wenyewe wana maneno yao yaliyokwisha kukomaa: shoti, ethi, meni swichi, fyuzi. Mhariri mwenye akili atayachukua hayo kwanza, na ayapeleke ya kamusini pole pole, yakifuatana na picha. Jarida likianza kwa kumfundisha fundi istilahi kumi mpya katika ukurasa wa kwanza, litatumika kufungia maandazi.

Wengine watasema kwamba zama za karatasi zimepita na kwamba taarifa zote zimo katika simu. Na ziwekwe katika simu pia, hatuna ugomvi. Lakini karatasi inayokaa juu ya kaunta ya duka ina kazi ambayo simu haiwezi: mwenye nyumba anaweza kuinyanyua mbele ya fundi na muuza duka kwa pamoja, akaonesha kidole kwenye mstari wa chapa ile aliyotaka kuuziwa, na kuuliza.

Bajeti za serikali zetu zote mbili husomwa katikati ya mwaka. Muda wa kuziandaa ni sasa, na fedha zinazohitajika kwa matoleo ya mwanzo, kabla wenye matangazo hawajazoea, si za kutisha wizara yoyote. Nakala za Dar es Salaam zianzie Gongo la Mboto, Mbagala na Kimara, kwenye ujenzi. Mjini kati wanaweza kungoja. Za Unguja zipelekwe Darajani na Mwanakwerekwe. Za Pemba zisizungushwe kupitia Malindi. Zipitishwe Tanga moja kwa moja, kama unavyopita umeme wao.